Moto wa Upande wa Lambo

Mwanangu Mwajabu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumjulia mtu hali. Hali yako naijua. Asubuhi umekula viazi vitano, umebishana na mama yako kuhusu sufuria, kisha umejifunga khanga mpya ukatoka kuaga majirani nyumba kwa nyumba, na kwa jinsi watu wa Misima wanavyopenda maongezi, hutarudi kabla ya magharibi. Hali yangu utaijua ukimaliza kusoma. Niko shambani, juu ya dungu letu, karatasi nimeziweka kwenye magoti. Jua bado liko juu na nimekuja na kalamu mbili, kwa sababu najifahamu.

Kesho asubuhi unaondoka. Bodaboda mpaka barabarani, gari mpaka Korogwe, halafu basi la kaskazini mpaka kwenye chuo chako cha wanyamapori. Mambo ya godoro, ndoo, chandarua na namba ya shangazi yako wa Kilole, mama yako ameyasema mpaka mbuzi wameyakariri. Mimi nina neno moja tu, nalo nimelikalia miaka saba. Wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia kwa mdomo. Mara ya kwanza ukaniuliza, "Baba, unaumwa?" nikasingizia jino. Mara ya pili nikaishia kukuomba maji ya kunywa. Mara ya tatu nilikuita, ukaja mbio na unga mikononi, nikakutazama, nikasema nimesahau nilichokuitia. Ukacheka, ukasema nazeeka.

Sikuwa nimesahau. Naandika kwa sababu karatasi haina macho.

Ni habari ya furukombe wetu, wale tai wala samaki.

Ulikuwa darasa la nne. Mahindi yalikuwa yamebeba na ngedere walikuwa wanatutesa, nikakupandisha kwenye dungu hili unisaidie kulinda. Kazi yenyewe unaikumbuka: kupiga debe, kupiga kelele, kukaa, kupiga debe tena. Siku ya pili debe likanyamaza. Nilikuwa kule chini napalilia, nikainua kichwa, nikaona ngedere wanakula mahindi yangu kwa utulivu kama watu walioalikwa. Nikapanda ngazi na fimbo mkononi nije nikuadabishe. Nikakukuta umesimama wima, umenyoosha kidole kwenye ule mgunga mkubwa uliokuwa kati ya shamba letu na lambo. Ndege wawili, vichwa vyeupe kama waliovaa kofia za ijumaa, walikuwa wanabeba vijiti.

"Baba," ukaninong'oneza, "wanajenga."

Nilikuja na fimbo ya kukuchapa, nikaishia kuiegemea.

Mimi ni mkulima, mwanangu. Ndege kwangu walikuwa wa aina mbili tu, wanaokula mazao na wanaoliwa. Sikuwahi kumtazama ndege kwa ajili ya kumtazama. Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba mmoja hatoki juu ya mayai mpaka mwenzake afike. Kwamba wakilia asubuhi mmoja anatupa kichwa nyuma na wa pili anadakia kabla wa kwanza hajamaliza. Kwamba kiota chao hakijengwi upya, kinaongezwa kila mwaka mpaka kinakuwa kama lundo la kuni. Ukadai daftari, nikakununulia lenye jalada la kijani, ukaanza kuandika kila siku. "Leo ameleta majani mabichi." "Leo kambale, mkubwa." "Leo mvua, amefunika mayai kwa mabawa."

Tuwe wakweli lakini, kambale wengi aliwaona Nasieku. Boma la baba yake, Mzee Saning'o, lilikuwa ng'ambo ya lambo, na mlikuwa darasa moja. Akishanywesha ndama anapanda ngazi hii na miguu yake mirefu, anakaa pale pembeni, hapo ubao ulipopasuka. Mtoto yule alikuwa na macho. Wewe uliona ndege amebeba kitu, yeye akakuambia ni perege au kambale, na kama ametoka maji marefu au kwenye tope. Nikawa nawatania: huyu anaona, huyu anaandika, nyie wawili ni mtu mmoja aliyekatwa katikati. Yeye ndiye aliyekufundisha kukaa bila kujikuna.

Na bibi yako, mama yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyelipa kinda lile jina. Ulimweleza kwamba linakaa kiotani zaidi ya miezi miwili bila kutoka, linaletewa chakula, linanenepa, manyoya yanabadilika. Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. "Huyo mwali," akasema. "Amewekwa ndani. Siku ya kumtoa mniite nije nicheze." Kuanzia hapo hatukuliita jina lingine. Asubuhi ukifika unauliza, "Mwali kaamkaje?" Mwaka ule wa kwanza mwali alitoka salama. Tulimuona akipigapiga mabawa ukingoni siku kadhaa, na mama yake amekaa tawi la pili na samaki mguuni, anamwita, hampelekei. Nikasema huyu mama ana roho mbaya. Ukanijibu, "Baba, anamtoa." Siku aliporuka, bibi akaja kweli. Alicheza hapo mpakani mwa shamba, peke yake, bila ngoma, na Nasieku akawa anampigia makofi.

Mwaka wa pili yalikuwa makinda mawili. Unakumbuka, najua hupendi kukumbuka. Mkubwa akawa anamdonoa mdogo kichwani, kila siku, chakula kikija anakula yeye, na mama yao yuko palepale. Ulinililia nipande nimshushe yule mdogo. Nikakuambia hayo ni mambo ya nyumbani kwao, tusiyaingilie. Ukaniuliza, "Sasa mama yake anaona, mbona hasemi?" Mdogo akafa. Swali lako lilinirudia baadaye mahali ambapo sikulitegemea, nitakuambia.

Mwaka wa tatu ndio wenyewe. Ulikuwa darasa la sita. Kinda lilikuwa moja, lenye nguvu. Msimu wa kuandaa mashamba ya vuli ukafika na mwali alikuwa bado ndani. Nilikuwa nimeshafyeka shamba lote, majani na matawi yamekauka, imebaki kuchoma. Ukaja kwangu na daftari, umehesabu siku. Ukasema, "Baba, bado kama wiki mbili. Usiwashe moto mpaka mwali atoke." Nikakuahidi. Bibi yako alikuwepo, mama yako alikuwepo. Nilisema, "Sitawasha."

Nazunguka mbuyu, nimejiona. Nimeandika kurasa hizi zote na bado sijasema.

Moto ule niliwasha mimi.

Si Mzee Saning'o, si wanawe, si mfugaji yeyote. Mimi baba yako, kwa kiberiti changu, saa sita mchana.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, na nikianza kujitetea uniruke mistari hiyo. Wenzangu wote walikuwa wameshachoma. Kila nikipita kwenye kijiwe cha kahawa wananiuliza, "Baba Mwajabu, ndege hajakupa ruhusa?" Wanacheka. Na mimi nacheka nao, lakini inaniingia. Mtu mzima, mwenye ndevu, anasubiri ndege. Nikaanza kudanganya kwamba mgongo unaniuma ndiyo maana sijachoma. Siku ile wingu likajikusanya upande wa milimani, zito, jeusi. Nikajua mvua ikinyeshea yale majani nimekwisha, nitang'oa visiki kwa mikono mpaka masika. Ulikuwa shuleni. Nikajiambia nitachoma kidogo kidogo, kipande kimoja kimoja, hutajua hata.

Kuchoma shamba unajua kunavyokwenda kwetu. Unaita wenzako watatu wanne, mnafyeka njia pande zote ili moto usivuke, mnasubiri jioni upepo ulale, mnaanzia upande unaokwenda upepo. Mimi nilichoma peke yangu, kwa sababu niliona aibu kuwaita watu niliokuwa nimewadanganya kuhusu mgongo. Nilichoma mchana, kwa sababu jioni ungekuwa umerudi. Na njia nilifyeka pande tatu tu, upande wa majirani, ili nisigombane na mtu. Upande wa lambo sikufyeka. Nilisema maji yatauzuia. Kati ya shamba na maji kulikuwa na majani makavu yaliyonifika kiunoni, na katikati ya hayo majani ulisimama mgunga.

Upepo ukageuka. Moto ulipovuka niliupiga kwa tawi mara moja, mara mbili, kisha nikauona umefika kwenye shina. Mgunga ule ulikuwa na pango chini, unakumbuka, mlikuwa mnaficha humo debe lenu. Moto ukaingia pangoni, ukavuta kama jiko la mkaa. Ndege wawili wakawa juu ya moshi wanazunguka na kulia. Kinda lilikuwa limesimama ukingoni mwa kiota, mabawa wazi. Niliona. Nikasubiri liruke. Lilipojirusha halikwenda mbele, lilikwenda chini.

Nikakimbia, Mwajabu. Baba yako alikimbia. Nilikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani, sikugeuka kuiokota. Mama yako aliniuliza iko wapi nikasema imenasa kwenye tope. Tope, kiangazi kile. Nikachukua jembe, nikasubiri nisikie watu wanapiga kelele za moto, ndipo nikatoka nao, kama mmoja wao. Tulipofika, Mzee Saning'o na wanawe walikuwepo tayari, masizi mpaka kwenye nyusi, wanaupiga moto kwa matawi ili usifike mashamba ya watu. Walikuwa wanaokoa mihogo yetu.

Ulirudi shuleni ukakimbilia huku bila kuvua sare. Ulimkuta mwali kwenye majivu, ukamfunga kwenye sweta lako. Ukanijia. Uso wako wa siku ile ninao mpaka leo. Ukaniuliza, "Baba, nani kawasha?"

Nilikuwa na nafasi. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Si ni hao wafugaji. Wanachoma ili majani yachipue."

Basi, ndiyo yote niliyosema. Nilidhani nimejinunulia siku moja tu, mpaka ulie uchoke, kisha nitakuambia. Kesho yake Nasieku alikuja, ameleta maua ya porini ya kumzika mwali. Ulimrushia bonge la udongo. Lilimpiga hapa, juu ya jicho. Hakulia, aliweka maua chini akaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka hapo. Hapo ndipo swali lako liliponirudia: anaona, mbona hasemi?

Siku nne mfululizo yule mama furukombe alirudi. Mti ulikuwa bado unafuka moshi. Alikuja na samaki, akakaa kwenye kipande cha tawi kilichobaki, akawa anaita. Ulikaa juu ya dungu hili peke yako ukamsikiliza, na mimi nikaenda kulima mbali nisimsikie.

Halafu ukaja mkutano wa kitongoji. Ulisimama mbele ya watu wazima, darasa la sita, ukafungua daftari ukasoma siku zote za yule kinda tangu yai. Wengine wakafuta machozi. Ukamaliza ukasema, "Waliomuua ni wale," ukamwonyesha Mzee Saning'o kidole. Mwenyekiti akauliza wangapi wanakubali mifugo yake isinywe tena lambo letu. Mikono ikanyooka. Mwanangu, na mimi nilinyoosha. Mzee Saning'o alinitazama mimi, si mwenyekiti. Hakusema hata neno. Bila maji angekaaje? Wiki ile ile akafungua boma lake, akaswaga ng'ombe wake, wakaondoka, na Nasieku hakumaliza shule hapa.

Nilijiambia utasahau. Hukusahau, ulikua nalo. Kila ulilolisoma ulilisoma kwa sababu ya yule kinda, na mimi nikajivuna kwa watu: binti yangu ana akili ya ndege. Barua ya chuo ilipokuja nilifurahi, Mungu shahidi. Halafu tukaenda Kilole kumpa shangazi yako habari, tukawa tunakula, akakuuliza kwa nini umechagua kazi ya porini badala ya uuguzi. Ukajibu, "Shangazi, nikivaa lile gwanda, wafugaji watanitambua." Ulisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja tarehe ya harusi yake. Shangazi yako akacheka akidhani ni utani. Mimi tonge nililirudisha sahanini. Nilielewa kwamba nimekulea na kitu ambacho si chako, na kwamba wanakwenda kukupa mamlaka, labda na bunduki, uende nacho porini.

Unakumbuka ulivyonishangaa mwezi uliopita niliposafiri kutafuta mbegu ya mahindi na kurudi mikono mitupu? Nilikuwa Kabuku. Nilipanda gari mpaka Mkata, nikaunga jingine. Nilikuwa nimesikia kwamba mke wa Mzee Saning'o anauza maziwa pale barabarani. Sikumkuta yeye. Nilimkuta msichana mrefu amesimama karibu na madumu, nikamjua kwa kovu dogo juu ya jicho.

"Shikamoo, Baba Mwajabu," akasema, kana kwamba tuliachana jana.

Alinipeleka nyumbani kwao, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka barabarani. Mzee alikuwa anachonga mpini. Amezeeka, mwanangu, meno ya mbele hana. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikasema bila kupumua, "Mzee, moto ule niliwasha mimi."

Akaendelea kuchonga. "Najua," akasema. "Nilikuona unakimbia. Uliacha kandambili. Nikaitupa lamboni."

"Kwa nini, mzee?"

"Mtoto wako angeiokota."

Nikamuuliza, kwa nini basi hakusema mkutanoni, akanyimwa maji huku anajua. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu asiyefahamu jambo dogo. "Binti yako alisimama pale mbele na daftari lake. Niseme ni baba yake, mbele ya watu wote? Na ningesema, ninyi mngenisikiliza mimi?" Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Ng'ombe walikufa njiani. Wengi. Hayo yamepita. Binti yako anajua sasa?"

Nikasema bado.

"Basi hujafika kwangu," akasema. "Nenda umwambie, ndipo uje unywe maziwa."

Sikupewa maziwa, Mwajabu. Ugenini kwa mfugaji, nikatoka bila kunywa. Nasieku alinisindikiza mpaka barabarani na njia nzima hakuniuliza kitu. Gari lilipokuja, nimeshakanyaga ngazi, ndipo akauliza, "Bado anaandika?" Sikujua. Tangu siku ile ya mkutano sijakuona ukiandika habari za ndege.

Jana nimemwambia mama yako. Aliinuka akaenda kutoa nguo zako zote begini na kuzipanga upya, ingawa zilikuwa zimeshapangwa. Leo asubuhi amenipa chai bila kunitazama. Nadhani ndiyo maana amekugombeza kuhusu sufuria, msamehe.

Sitakuambia ukaishije huko. Nitakuambia tu nilichokiona mimi kwa mtu mmoja, ambaye ndiye mimi. Nilikuogopa. Sikumwogopa mwenyekiti, wala majirani, nilikuogopa wewe, mtoto wa darasa la sita mwenye sweta lenye majivu. Niliogopa kwamba ukijua hutanitazama tena kama ulivyokuwa unanitazama ukiwa juu ya dungu. Basi nikalinda kutazamwa kule, na kila mwaka kulizidi kuniuma, kwa sababu nilijua unamtazama mtu ambaye hayupo. Kuna siku ulinishika mkono ukaniambia, "Baba, wewe hujawahi kunidanganya." Nilitoka nje nikajifanya natafuta mbuzi.

Porini utakutana na mtu ana fimbo na nyuma yake pori linaungua. Pengine atakuwa ndiye aliyewasha. Muulize tu kabla hujaamua, hilo moja. Na ukiona mtu anayefanana na mimi amesimama pembeni na jembe safi, muulize na yeye.

Nina habari nyingine ambayo nimekuficha, na hii ni nzuri, sijui kama nina haki ya kukupa. Furukombe wamerudi. Hawako kwenye mgunga, pale pamebaki kisiki. Wako ng'ambo, kwenye mkuyu, karibu na lilipokuwa boma la Mzee Saning'o. Nimekuwa nikiwafuata tangu mwezi wa sita, kila siku, peke yangu, ndiyo maana mnaniona nashinda shambani kama mtu mwenye mke wa pili. Niliogopa kukuonyesha kwa sababu ungekaa hapa pembeni yangu na kufurahi pamoja nami, na nisingeweza kuvumilia. Kinda ni moja. Manyoya ya mabawani yameshatoka, kichwa bado cha kahawia. Leo amesimama ukingoni tangu nianze kuandika, na mama yake ameshakaa tawi la pili.

Shamba sijachoma. Wingu liko juu ya milima na watu wa kahawa wameanza tena maneno yao. Safari hii nimewaambia nasubiri ndege. Nimewaambia na sababu, na aliyewasha moto ule, wote, nimesimama, jana baada ya sala ya ijumaa, nikawaomba wakuachie ulisikie kwangu kwanza. Mwenyekiti wa siku zile alitazama chini. Kucheka hakucheka mtu.

Barua hii nitaiweka ndani ya daftari lako la kijani. Nililikuta darini siku ulipolitupa, nikalihifadhi kwenye mfuko wa mbegu, panya hawakulifikia. Litakuwa chini kabisa ya begi lako, na utalikuta ukiwa umeshafika mbali, ambapo huwezi kurudi. Nimefanya makusudi. Usione lazima kunipigia simu. Simu itakuwa karibu yangu, ila usione lazima.

Ukurasa wa mwisho ulioandika ni wa siku ya moto. Umeandika kwa penseli, umekandamiza mpaka karatasi imetoboka: "Mwali amekufa. Aliyewasha moto ni baba yake Nasieku." Nimeshika kalamu mara nyingi niurekebishe. Si daftari langu. Kalamu nimeiacha hapo katikati. Likate jina hilo kwa mkono wako, uandike la kwangu, halafu ukitaka funga kabisa, au ukitaka geuza ukurasa. Kurasa tupu ni nyingi.

Kesho asubuhi nitakubebea begi mpaka kwenye bodaboda. Utaniamkia kama kawaida na mimi nitaitikia. Itakuwa mara ya mwisho unamwamkia yule baba uliyemdhani. Niache nimalizie asubuhi hiyo moja.

Ni mimi baba yako, niliyewasha moto.